Maswali ya Wasomaji: Aliyeghushi saini zetu yuko Uingereza, hawezi kuletwa?

SWALI: Asalaam aleikum kaka wa sheria. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunauza samaki pale Deep Sea, Tanga. Tuliomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi kama vyetu, hatukupata hata senti, leo tunadaiwa marejesho! Makaratasi yanaonyesha tumesaini. Afisa aliyeshika faili letu kashaenda zake Uingereza. Kwani serikali haiwezi kumfuata ikamleta na pingu?
– Mama wa Ngamiani

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, poleni sana, kudaiwa hela usiyoila inauma. Ila polisi wetu akishuka London hana mamlaka ya kumkamata mtu hata akikutana naye uso kwa uso, na ile notisi nyekundu ya Interpol (ushirika wa polisi wa nchi mbalimbali), ya kumsaka mtu akamatwe, ni ombi tu, kila nchi inaamua yenyewe. Lazima serikali yetu iombe rasmi, alafu hakimu wa kule apime, hilo kosa na kwao ni kosa? (kughushi na wizi hapo hakuna shida) Kuna siasa ndani yake? Atapata haki huku? Na akiletwa anashtakiwa kwa yale yaliyoombewa tu, hamuwezi kumrundikia mengine akishafika, ndo maana faili likiwa bovu kesi imekufa mapema.

Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha wa jirani zetu Msumbiji, alikamatwa Johannesburg Desemba 2018 kwa ile mikopo ya siri ya dola bilioni 2, Marekani inamtaka, kwao nako wanamtaka, wakavutana mahakamani wee mpaka Julai 2023 ndo akapelekwa Marekani. Na huyo ni waziri!

Kwa hiyo msikae kumsubiri. Hela ya halmashauri haitoki kwa mkono wa mtu mmoja, kuna aliyeandaa vocha ya malipo, kuna aliyeidhinisha, na hao wengi wao bado wako hapo hapo ofisini wanakunywa chai. Nendeni TAKUKURU (wale wa kupambana na rushwa) au pigeni 113, ni bure. Bebeni taarifa ya benki ya akaunti ya kikundi inayoonyesha hakuna kilichoingia, na daftari la mikutano lenye saini zenu halisi, zilinganishwe na zile za kwenye mkataba. Kama ana nyumba au kiwanja huku, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) anaweza kuomba mahakama izuie visiuzwe. Hata hela za ile kashfa ya rada, BAE Systems, kampuni ya Uingereza iliyotuuzia hiyo rada, walilipa pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati ya watoto wetu, bila kungoja mtu aletwe na ndege.

Na mkiitwa kusaini karatasi yoyote ya kukubali deni, msisaini kabisa, hata mkiambiwa ni utaratibu tu.