Kwa nini miguu inagoma kilomita ya 32?

Swali: Kocha, habari za kazi. Muda wangu bora wa nusu marathoni ni 1:14:30, na kwenye marathoni nilikuwa nautafuta 2:38. Nusu ya kwanza niliipita kwa 1:16 nikijisikia mwepesi kabisa. Kufika kilomita ya 32 miguu ikagoma, nikamaliza kwa 2:44. Je, niongeze kilomita za wiki?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujaongeza hata kilomita moja, rudi kwenye hesabu ya mbio yenyewe. Muda wa 2:38 unadai dakika 3:45 kwa kilomita; wewe ulianza kwa 3:36. Yaani ulipita nusu ukiwa dakika moja na nusu tu nyuma ya muda wako bora, na nusu nyingine ilikuwa bado inakungoja. Uwezo unao, ila uliumaliza mapema.

Wepesi ule wa mwanzo umewaponza wengi. Umetoka kupumzika, mwili umechangamka, 3:36 unaiona rahisi. Lakini kadiri unavyozidisha kasi ndivyo misuli inavyotumia glikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini) zaidi kuliko mafuta, na akiba ya glikojeni haitoshi kilomita 42 kwa matumizi hayo. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza alitumia dakika 60:48, ya pili 59:47.

Safari ijayo, kilomita 5 za kwanza zimalize kwa dakika 19 kamili. Utapitwa na watu, waache waende. Kisha shika 3:45 mpaka kilomita ya 30, na kama bado una nguvu, ongeza hapo. Pima muda kwenye vibao vya kilomita, maana saa ya setilaiti hukosea penye majengo marefu.

Kwenye mazoezi ningebadilisha mbio ndefu tu. Kila baada ya wiki mbili au tatu kimbia kilomita 32: 20 za kwanza taratibu, 12 za mwisho kwa 3:45. Pale kilomita ya 28, mapaja yanauma na saa bado inakudai 3:45, ndipo zoezi lenyewe lilipo. Siku hiyo pia kunywa kinywaji cha wanga, gramu 60 za wanga kwa saa, ukianza mapema kabla hujachoka, ili tumbo lizoee.

Kilomita za wiki ziache zilivyo hadi umalize marathoni moja kwa mpango huu. Halafu niandikie muda wako wa kila kilomita 5, tuutazame pamoja.