Chupa Haitaki Jirani wa Kioo

Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Mwezi huu ni zamu ya kufunga na kutuma chupa. Anayejibu ni mama aliyefanya kazi miaka 19 kwenye duka la jumla la vinywaji Moshi, na sasa anafunga mizigo ya watu stendi ya Arusha.

Swali: Shikamoo mama. Naishi Mwanza, na napenda kukusanya bia za nchi jirani. Kila nikivuka mpaka narudi na chupa chache kwenye begi: Nile Special ya Uganda, Primus na Mützig za Rwanda. Rafiki yangu wa Moshi anapata Tusker na White Cap za Kenya. Tunabadilishana kwa basi, sita kwa sita. Mara ya mwisho nilimtumia sita, zikafika tatu. Nilizifunga kwa magazeti, nikazilaza kwenye boksi la sabuni, nikaandika VIOO pande zote nne. Nimekosea wapi? Na hasara ni ya nani? (Msomaji, Kirumba, Mwanza)

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Chupa uliyoibeba mwenyewe kutoka Kigali huwezi kuifidia kwa kwenda grosari ya mtaani, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Tuanze na chupa zenyewe kabla ya boksi. Bia nyingi za kwetu na za majirani zinauzwa kwenye chupa za kurudisha. Chupa moja inatoka kiwandani, inakwenda baa, inarudi, inaoshwa, inajazwa tena, hivyo hivyo kwa miaka. Ichukue moja uisimamishe dirishani penye mwanga. Utaona pete mbili nyeupe, moja begani na nyingine karibu na kitako, kama mtu amezipaka chaki. Hapo ndipo ilipokuwa ikisuguana na wenzake kwenye kreti na kwenye mitambo. Kioo kinapovunjika huanzia kwenye mkwaruzo. Pete ikiwa nyembamba, chupa bado ina nguvu. Ikiwa pana, na ukipitisha ukucha unahisi vishimo, hiyo inywe nyumbani, usiisafirishe. Pitisha na kidole chini ya kizibo. Mdomo uliomeguka hata kidogo unapitisha gesi njiani, na rafiki yako atapokea maji ya shayiri.

Sasa ulivyofunga. Chupa ya nusu lita iliyojaa ina uzito unaokaribia kilo moja. Ulizilaza sita, zikitenganishwa na karatasi mbili tatu za gazeti. Gazeti lililotandazwa halina mto ndani yake. Mpaka Shinyanga limeshalala, mpaka Singida kioo kinagonga kioo, na bado hujafika Babati. Wengi wanadhani chupa huvunjwa na kuangushwa. Kwa niliyoyaona, boksi moja linaangushwa na chupa zote zinapona, lingine halijaangushwa hata mara moja na limelowa. Tofauti ni kama chupa ziligusana. Kila tuta la barabarani ni pigo dogo, na kutoka Mwanza hadi Moshi ni safari ya kutwa nzima.

Mimi nafanya hivi. Kila chupa naizungushia nailoni laini ya kufungia chakula mara tatu, kuanzia kwenye kizibo kushuka. Nailoni haizuii kuvunjika, lakini ikivuja moja hailowanishi boksi, na boksi lililolowa ndilo linaloua zile nyingine. Juu ya nailoni naivalisha soksi nzito ya mtumba. Usicheke soksi, mwanangu. Inabana shingo na tumbo kwa pamoja, na haiteremki njiani kama karatasi.

Chini ya boksi natandika trei la mayai, lile la karatasi ngumu, nikiwa nimelikata lienee. Vile vibonde vyake vinabonyea taratibu na kurudi, na hakuna kitu cha bei hiyo kinachomeza mtikisiko kama hicho. Chupa nazisimamisha, vizibo juu, sizilazi. Kati ya chupa na chupa, na kati ya chupa na ukuta wa boksi, nataka vidole viwili. Hiyo nafasi naijaza maranda makavu kutoka kwa mafundi seremala, nikishindilia kwa mkono kila ninapoongeza. Ukikosa maranda, tumia majani makavu ya mgomba, ambayo Moshi hayanunuliwi. Magazeti pia yanafaa, ila uyafinyange yawe mipira migumu kama ngumi ya mtoto. Juu namalizia na trei jingine, kisha nafunga. Ukipata boksi la pombe kali lenye vigawanyo vya kadibodi ndani, chukua, lakini Primus ile kubwa ya sentilita 72 haitaingia kwenye matundu yake. Hiyo ipe boksi lake peke yake.

Kisha natikisa. Nabeba boksi kifuani, nalitikisa kwa nguvu ile ile atakayotumia utingo, sikio likiwa karibu. Nikisikia hata "tik" moja, nafungua. Wateja wanachukia hapo kwa sababu basi linawasha injini. Nafungua vilevile.

Boksi hilo likiwa tayari naliingiza kwenye boksi kubwa zaidi, na kati yao maranda tena. Nafunga kwa selotepu pana, kwenye mshono na kwenye kingo za pande zote mbili. Halafu nafunga kamba ya katani kuzunguka, nikiacha mshikio juu. Mshikio nauamini kuliko maandishi. Utingo anapakia saa kumi alfajiri, taa hafifu, hasomi VIOO yako. Ila boksi lenye mshikio mkono wake unauona, analibeba. Lisilo na mshikio analisukuma kwa mguu.

Jambo la joto usilisahau. Ndani ya chupa ya bia kwenye joto la kawaida la mchana, gesi inasukuma kwa nguvu inayokaribiana na upepo wa tairi la gari dogo. Ifikishe chupa hiyo nyuzi joto 40, na msukumo unapanda karibu mara moja na nusu. Mabasi mengi ya masafa yana injini nyuma, na buti la nyuma linachemka. Simama hapo hapo mpaka uone mzigo wako umewekwa buti la mbele au la katikati. Na kama unatuma chupa ya kijani kama ya Heineken, ifunike kabisa, usiiache hata dakika juani. Mwanga unaigeuza hops, ile mimea inayoipa bia uchungu wake, na bia inaanza kunuka. Kioo cha kahawia kinakinga vizuri zaidi.

Mwambie karani wa mizigo ukweli kwamba ni bia, na mtuma na mpokeaji wote muwe watu wazima. Chukua risiti, piga picha ya boksi likiwa limefungwa, na namba ya basi. Kwa huo mzigo wako wa mwisho, nenda na risiti ukaulize. Usiende na hasira, nenda na picha kama unayo.

Hasara ni ya nani? Mimi nasema ya aliyefunga. Basi likipata ajali hilo ni jingine, na likipoteza boksi ni lao. Lakini boksi likifika zima na ndani kuna vigae, mfungaji anadaiwa. Mtumie mwenzako tatu nyingine. Halafu kubalianeni mapema, kabla ya boksi lijalo, maana urafiki wa kubadilishana vitu huharibikia hapo.

Akizipokea asizifungue siku hiyo. Azisimamishe mahali pa baridi mpaka kesho yake, gesi itulie.

Swali: Shikamoo mama yetu. Niko Columbus, Ohio. Kaka yangu yuko Minneapolis, na tungependa kubadilishana bia za viwanda vidogo vya huku kila mmoja alipo. Jamaa wananiambia nitume kwa posta, niandike kwamba ndani ni mafuta ya zeituni. Unasemaje? (Msomaji, Marekani)

Jibu: Marahaba. Usiandike uongo kwenye mzigo, mwanangu, na hasa usiuandike ukiwa ugenini. Posta ya Marekani, USPS, haipokei bia hata chupa moja. UPS na FedEx wanapokea pombe kutoka kwa wafanyabiashara wenye leseni na mkataba nao, siyo kutoka kwa mimi na wewe. Nina wateja wenye watoto huko, ndiyo maana nimelifuatilia hili.

Njia iliyo wazi ni kuzibeba mnapotembeleana. Kwenye ndege weka bia kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, kwani mkononi kimiminika hakizidi mililita 100 kwa chombo. Kinywaji chenye kilevi cha asilimia 24 au chini yake hakiwekewi kikomo cha kiasi na sheria za usalama wa ndege kwenye begi hilo. Kinachokubana ni uzito, na begi la kawaida ni kilo 23. Kila chupa ivalishe nepi ya mtoto na uibandike kwa gundi zake zenyewe: ni mto, na ikivuja inakunywa. Kisha soksi. Ziweke katikati ya begi, nguo pande zote, viatu mbali.

Mkienda kwa gari wakati wa baridi, msiziache kwenye buti usiku. Bia inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, inavimba, na chupa inapasuka au kizibo kinainuka. Minneapolis mwezi wa Januari itakufanyia hivyo kwa usiku mmoja.

Swali: Mama, shikamoo. Mwanangu anaoa Dodoma na wazee wa huku Kibosho wanataka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, iwepo. Niifunge vipi kwenye chupa ifike salama? (Baba wa bwana harusi)

Jibu: Marahaba baba, na hongera kwa harusi. Usiifunge kwenye chupa.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu nilishaifunga. Miaka hiyo shangazi yangu alinipa mbege nzuri, nyekundu, ulezi wake wa mavuno ya mwaka ule, niipeleke kwenye posa. Nikaijaza kwenye chupa nane, nikaziba sawasawa, nikapanga kwa maranda vizuri kabisa. Nilikuwa nimekaa juu kidogo ya buti. Hatujafika Kondoa nikasikia mlio, kisha mwingine, kisha mitatu kwa mpigo. Tulipofungua, nguo za abiria wenzangu zilikuwa na harufu ya ndizi na vigae vya kioo. Mama mmoja alikuwa na sanduku la vitabu na sare za shule za mtoto wake. Nilimlipa, lakini sura yake naikumbuka.

Bia ya kiwandani imeshamaliza kuchacha kabla haijazibwa. Mbege haijamaliza. Ulezi na ndizi vinaendelea kufanya kazi, gesi inazidi kila saa, na joto la buti linaiharakisha. Hakuna kufunga kunakoizuia, na ukiacha mdomo wazi inamwagika. Hata ikifika, ni kinywaji cha siku moja au mbili, na baada ya hapo imechachuka.

Tuma vitu vyake badala yake. Unga wa kimea cha ulezi, mkavu, kwenye mfuko wa kitambaa. Magome ya msesewe, mti unaoipa mbege uchungu wake, yaliyokaushwa na kufungwa kwa karatasi. Ndizi mbivu zitafutwe sokoni huko huko. Kisha mpandisheni basi mama mmoja anayejua kuipika, awahi siku za kutosha kabla ya harusi, maana ndizi zinahitaji kuchemshwa na kukaa kabla ya kuchanganywa na uji wa ulezi. Mkatieni tiketi ya kiti cha mbele, na kibuyu cha kunywea akipakate mwenyewe.