Jimbo la Ubungo: Mnyika hakushindwa 2015

Mkuu, umeuliza kama John Mnyika, mbunge wa chama cha upinzani CHADEMA, aliangushwa jimbo la Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2015. Hapana, hakuangushwa. Jimbo liligawanywa, likazaliwa Kibamba, naye akagombea huko na kushinda. Ubungo ikabaki CHADEMA kupitia Saed Kubenea, yule mwanahabari.

Ila mwaka mzito kwangu ni 2010. Mnyika alishashindwa na Charles Keenja wa CCM 2005, akarudi 2010, akalichukua jimbo. Siku ile nilipanga foleni Manzese kabla ya saa 1 asubuhi. Mama mmoja mbele yangu alishika kadi yake kwa mikono miwili muda wote. Kura inapiganiwa hivyo!

2020 CCM ikalirudisha jimbo la Ubungo kupitia Profesa Kitila Mkumbo.