Swali la lugha: Timu imeshuka daraja au imeshushwa daraja?

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Mwalimu, shikamoo. Mimi na kaka yangu tunafuatilia ligi za chini za Uingereza kuliko hata Ligi Kuu yao. Msimu wa 2024/25 ulipomalizika, kaka aliandika kwenye kundi la familia kwamba Carlisle United na Morecambe 'zimeshushwa daraja' kutoka League Two, na kwamba Wrexham 'imepandishwa' kutoka 'Ligi Daraja la Kwanza'. Nikamwambia zile zimeshuka, hii imepanda, na League One si daraja la kwanza. Akasema nabishana bure, maneno ni yale yale. Tuamulie."

Marahaba, mwanangu. Hubishani bure, na nimefurahi kwamba watu wa nyumba moja wanaweza kukesha wakibishania viambishi vya kitenzi.

Tuanze sokoni. Mtu akikuambia bei ya sukari imepanda, utasikitika na kuuliza imefika ngapi. Akikuambia bei imepandishwa, swali litakalokutoka ni jingine: na nani? Tofauti hiyo unaisikia bila kufundishwa na mtu. Katika "imepanda" kuna bei peke yake na mwendo wake. Katika "imepandishwa" kuna mkono, hata kama mwenye mkono hakutajwa.

Kisarufi, mzizi ni "shuka". Ukitaka kumwingiza anayesababisha, unapata "shusha", kwa njia ile ile ambayo "anguka" inazaa "angusha" na "amka" inazaa "amsha". Ukigeuza "shusha" iwe ya kutendwa, unapata "shushwa". Kwa hiyo "shushwa" imebeba mizigo miwili juu ya "shuka": yupo aliyeshusha, na aliyeshushwa hakuwa na la kufanya. Ndiyo maana tunasema ofisa "ameshushwa cheo", kwa sababu cheo hutolewa na kunyang'anywa na mkubwa.

Sasa rudi kwa Carlisle na Morecambe. Zilicheza mechi 46 kama wenzao, zikamaliza katika nafasi mbili za mwisho kati ya timu 24, na kanuni iliyojulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa ilisema timu mbili za mwisho za League Two, ligi ya nne kutoka juu, zinakwenda National League, ligi ya tano. Hakuna kikao kilichokaa kuzihukumu. Zimeshuka. Wrexham nao walimaliza wa pili nyuma ya Birmingham City katika League One, wakapanda. Ilikuwa mara yao ya tatu mfululizo: kutoka National League mwaka 2023, League Two mwaka 2024, League One mwaka 2025. Hakuna timu iliyowahi kufanya hivyo ndani ya ngazi tano za juu za soka la Uingereza. Kuwaambia "mmepandishwa" ni kuwapunguzia jasho lao.

Lakini kaka yako asikate tamaa, maana "shushwa" na "pandishwa" zina mahali pake, na historia ya ligi hizo inatupa mfano ambao sijaona mzuri kuuzidi. Mei 1990, Swindon Town waliifunga Sunderland 1-0 pale Wembley katika fainali ya mchujo, wakastahili kwenda ligi ya juu kabisa. Siku chache baadaye Football League, iliyosimamia ligi hizo, iliwatia hatiani kwa malipo haramu kwa wachezaji, ikawatupa mpaka daraja la tatu. Walikata rufaa, adhabu ikapunguzwa, wakabaki daraja la pili walipokuwa. Nafasi yao ya juu wakapewa Sunderland, waliofungwa kwenye fainali hiyo hiyo. Jaribu kuisimulia habari hii kwa "panda" na "shuka" peke yake. Haiwezekani. Swindon walipanda uwanjani, wakashushwa mezani. Sunderland hawakupanda, walipandishwa. Kiswahili kinamaliza kesi nzima kwa kubadili tamati za vitenzi viwili, na mtangazaji anayechanganya maumbo hayo anajinyima chombo ambacho lugha imemwekea mkononi.

Kuna wakati hata "shushwa" haitoshi. Kabla ya mwaka 1987 hakukuwa na kushuka kwa moja kwa moja kutoka daraja la nne la Uingereza. Timu nne za mwisho zilikwenda kwenye mkutano wa mwaka kuomba zichaguliwe tena, na klabu nyingine zikapiga kura. Mwaka 1978 Rochdale walimaliza wa mwisho kabisa, Southport wa pili kutoka mwisho. Kura zilipohesabiwa, Rochdale walibaki na Southport wakatoka, nafasi yao ikachukuliwa na Wigan Athletic. Southport hawakushuka, maana aliyekuwa chini yao alibaki. Mimi ningeandika "walitolewa kwa kura", na nisingeona haya kutumia maneno matatu badala ya moja.

Mwaka 1987 kanuni ikabadilika, na timu ya kwanza kushuka kwa maana yetu kamili ikawa Lincoln City. Siku ile ya mwisho Torquay United walikuwa nyuma dhidi ya Crewe Alexandra. Mbwa wa polisi akamng'ata beki wao Jim McNichol, mchezo ukasimama akitibiwa, na katika dakika zilizoongezwa Paul Dobson akasawazisha. Torquay wakanusurika kwa tofauti ya mabao, Lincoln wakashuka. Timu iliyopanda kuchukua nafasi ya Lincoln ilikuwa Scarborough.

Nimewataja Scarborough kwa sababu wanatufundisha umbo la tatu. Tarehe 8 Mei 1999 walikuwa wamemaliza mechi yao kwa sare na mashabiki wao wakishangilia kubaki. Huko Carlisle, dakika za majeruhi zikiyoyoma, kona ikapigwa, na golikipa Jimmy Glass, aliyekuwa pale kwa mkopo, akakimbia kutoka golini kwake na kufunga bao la ushindi dhidi ya Plymouth Argyle. Carlisle wakabaki, Scarborough wakashuka. Hapa unaweza kuandika kwa raha kabisa: "Bao la Glass liliishusha Scarborough." Sababu imetajwa, imekaa mbele ya kitenzi, na hakuna anayedhaniwa kuwa hakimu. Kadhalika kocha "ameipandisha timu". Ninachokikataa ni "imeshushwa" inayoning'inia bila mwenyewe, kama barua isiyo na saini.

Nakiri upo mpaka wenye ukungu. Msimu wa 2008/09 Luton Town walianza League Two wakiwa wamekatwa pointi 30 kwa makosa ya kifedha. Uwanjani walivuna pointi 56, ambazo zingewaweka salama kabisa. Kwenye jedwali zikabaki 26, wakaenda nje ya ligi. Walishuka au walishushwa? Mimi huandika "walishuka baada ya kukatwa pointi 30", kwa sababu mechi zilichezwa na jedwali ndilo lililosema neno la mwisho. Shabiki wa Luton akiniambia walishushwa, simsahihishi. Anajua anachokisema, na sarufi iko upande wake.

Sasa "daraja". Wapo wanaocheka kwamba timu inapanda daraja kana kwamba inavuka mto. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kidato cha ngazi, na kwa hiyo cheo au kiwango. Kwetu limebeba maana zote: ngazi za kukanyaga, kivuko juu ya maji, na cheo. Kwa hiyo "kupanda daraja" ni picha nzima isiyo na kasoro, mtu anapanda vidato vya nyumba. Sioni haja ya kulibadilisha.

Tatizo linaanza daraja linapopewa namba, na hapo uko sahihi kumzidi kaka yako. Mpaka mwaka 1992 ligi ya juu kabisa ya Uingereza iliitwa First Division, na kuiita "Ligi Daraja la Kwanza" kulikuwa sawasawa. Mwaka huo Ligi Kuu ikaundwa, jina First Division likahamia ligi ya pili kutoka juu. Mwaka 2004 majina yakabadilishwa tena: ya pili ikawa Championship, ya tatu ikawa League One, ya nne League Two. Kwa hiyo "daraja la kwanza", likitafsiriwa kwa kufuata jina, limeshuka ngazi mbili bila kufungwa mechi hata moja.

Angalia linavyotupotosha. Leeds United walikuwa mabingwa wa daraja la kwanza mwaka 1992, yaani mabingwa wa nchi. Kati ya 2007 na 2010 Leeds hao hao walikuwa League One, wakiwa wameuanza msimu wa kwanza huko na pointi 15 pungufu. Ukiandika "Leeds wakiwa Ligi Daraja la Kwanza" kwa vipindi vyote viwili, msomaji kijana hataweza kutenganisha kileleni na shimoni. Na kwa Mtanzania mkanganyiko unaongezeka, maana kwa miaka mingi Ligi Daraja la Kwanza kwetu ilikuwa ile iliyo chini tu ya Ligi Kuu, kabla haijaanza kuitwa Championship. Akisikia Wrexham wako Daraja la Kwanza, anadhani wamebakiza hatua moja, kumbe walikuwa wamebakiza mbili.

Ushauri wangu: liache jina kama lilivyo, League One, kama tunavyoacha Wembley ilivyo, kisha ongeza mara moja "ligi ya tatu kutoka juu". Msomaji akishajua, endelea na jina tu. Usitafsiri namba iliyo ndani ya jina la biashara ya watu.

Hukuuliza kuhusu "mchujo", lakini nimelitumia na naona magazeti mengine yanaandika "mtoano" mahali pake. Mtoano ni timu kutoana, anayefungwa anakwenda nyumbani, na hilo hutokea katika kombe lolote. Mchujo una kichujio: kundi limeshapatikana, sasa anatafutwa atakayepita. Katika League Two timu tatu za juu zilipanda moja kwa moja msimu wa 2024/25, na nne zilizofuata zikachujwa apatikane mmoja. Walsall, walioongoza kwa pointi 12 mwezi Januari, walijikuta humo baada ya Antoni Sarcevic kuifungia Bradford City dakika ya 96 siku ya mwisho, kisha wakafungwa 1-0 na AFC Wimbledon kwenye fainali. Mechi ndani ya mchujo ni za mtoano, lakini hatua yenyewe iite mchujo.

Na kabla kaka yako hajaniandikia: "Carlisle imeshuka" na "Carlisle wameshuka" yote ni sahihi. Ya kwanza inaiona klabu, ya pili inawaona watu wake. Uchague moja ndani ya sentensi moja, basi.