Barua inasema baki ni 0, mbona nasainishwa?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Naishi Brooklyn Park, Minnesota, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Binti yangu Neema amekubaliwa na chuo cha binafsi. Barua inasema gharama ya mwaka ni dola 58,000, na "tuzo" yake ni dola 58,000. Chini imeandikwa: baki 0. Majirani wamekuja kunipongeza. Sasa chuo kinataka nisaini fomu. Kama ni bure, nasaini nini?
Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Usisaini kwanza. Nimeiangalia picha ya barua uliyonitumia. Chukua kalamu tushuke nayo mstari kwa mstari. Ufadhili wa chuo, 27,000, ni wa kupewa. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu, 7,395, nayo hairudishwi. Mstari wa tatu, 5,500, ni mkopo wa Neema. Wa nne, ule wa 18,105 ulioandikwa "Parent PLUS", ni mkopo wako wewe. Riba inaanza kuhesabiwa pesa zikishatoka, na hata Neema akipata kazi nzuri, kisheria mdaiwa ni wewe.

Baki yenu ya kweli ni dola 23,605, kila mwaka.

Nilikaa miaka sita kwenye dawati la misaada ya fedha katika chuo kimoja huko, na barua za namna hii nilizichapa kwa mikono yangu. Nimewaona wazazi wakizikunja taratibu na kuzitia mkobani kama cheti cha ubatizo. Inaniuma mpaka leo. Hukukosea kusoma, mama. Mwaka 2022 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kuwa asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki gharama halisi anayobaki nayo mwanafunzi, ama huionyesha pungufu.

Tena kuna hili. Kuanzia 1 Julai 2026, mzazi anayeanza kukopa hawezi kuvuka dola 65,000 kwa mtoto mmoja. Zidisha 18,105 mara nne, kwa miaka minne ya chuo: 72,420. Mwaka wa mwisho mtapungukiwa 7,420, Neema akiwa karibu kuvaa joho. Na msitegemee msamaha. Mpango wa Rais Biden wa kufuta madeni ulibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 30 Juni 2023, na mikopo hii ni vigumu mno kufutwa hata mtu akifilisika.

Jimbo lenu lina North Star Promise, iliyoanza 2024: familia yenye kipato chini ya dola 80,000 hailipi ada kwenye vyuo vya umma vya Minnesota. Chakula na malazi ni juu yenu, ila Neema anaweza kulala nyumbani. Aongeze chuo cha umma kwenye FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea misaada ya masomo aliyokwisha kujaza, wiki hii hii.

Halafu kipigie simu kile chuo cha binafsi, uwaulize: "Nikikataa mkopo wa mzazi, mtaongeza ruzuku kiasi gani?" Waombe jibu kwa maandishi. Likija, nitumie, tulisome pamoja.