Mpira wetu unapenya sakafu

Swali: Mimi na binti yangu wa miaka 7 tunatengeneza gemu kwa Scratch, programu ya watoto ya kutunga gemu kwa kupanga bloku za maagizo, kila Jumamosi. Kuna mpira mdogo unaorukaruka juu ya sakafu nyembamba. Kwa mruko wa kawaida unatua vizuri, lakini ukidondoka kutoka juu kabisa, mara nyingine unapenya sakafu na kupotea. Bloku ya kuangalia kama umegusa sakafu tumeiweka. Mwanangu anasema sakafu imetoboka. Nirekebishe nini?

Jibu: Mwanao hayuko mbali na ukweli. Tundu lipo, ila halipo kwenye sakafu; lipo kati ya picha moja na inayofuata.

Scratch huchora picha 30 hivi kwa sekunde. Kati ya picha na picha mpira hausafiri: unatoweka hapa, unatokea pale, na kugusa huangaliwa pale ulipotokea tu. Nadhani mmeweka mvutano kama wengi wanavyofanya, yaani kasi ya kushuka inaongezeka kwa 1 kila picha. Basi picha ya kwanza mpira unashuka pikseli 1 (nukta moja ndogo ya skrini), ya pili 2, ya tatu 3. Ikifika ya 25 umeshashuka jumla ya pikseli 325, karibu kimo chote cha jukwaa la Scratch, ambacho ni 360, na sasa unashuka 25 kwa mpigo. Ikiwa mpira una kimo cha 10 na sakafu unene wa 6, mpigo uliozidi 16 unaweza kuivuka sakafu bila kuigusa hata kidogo. Itategemea tu mpigo wa mwisho umeanzia wapi, ndiyo maana mnaona ikitokea mara nyingine.

Dawa ya haraka ni kuwekea kasi kikomo: ikizidi 12, irudi 12. Ni bloku moja ya "kama", na kwa umri wake ningeanza na hiyo, ingawa mpira unaweza kuzama kidogo sakafuni unapotua.

Dawa kamili ni kuukata mpigo. Tengenezeni bloku yenu wenyewe: rudia mara nyingi kama namba ya kasi, kila mara shuka pikseli 1, ukigusa sakafu, panda 1, kasi iwe 0, na bloku ikomee hapo. Mnapoiunda, wekeni alama kwenye chaguo la kuiendesha bila kuchora skrini upya. Hapa wengi huteleza. Bila alama hiyo kila pikseli 1 itasubiri picha yake, mpira utashuka kama unyoya, nanyi mtahangaika na mvutano usio na kosa lolote.

Lakini nakuomba usirekebishe usiku akiwa amelala. Bandika utepe sakafuni, atembee kuuelekea macho yamefumbwa, ayafumbue tu kila mguu unapotua. Kwa hatua fupi ataukanyaga. Kwa hatua ndefu ataukuta nyuma yake. Kisha muulize mfanyeje. Akisema mpira upunguze hatua, amekipata kikomo mwenyewe. Akisema utepe uwe mpana, fuateni lake kwanza: sakafu ya 20 na mpira wa 10 ni 30, na mpigo wa 25 hauwezi kuvuka hapo.