Neuschwanstein kutoka Munich kwa siku moja

Inawezekana kabisa, kasri la Neuschwanstein, kusini mwa Ujerumani, unaenda na kurudi Munich siku hiyohiyo. Treni hadi Füssen ni mwendo wa saa mbili hivi, halafu basi fupi hadi Hohenschwangau, kijiji kilicho chini ya kasri. Wageni ninaowapeleka hukwama kwenye tiketi: ndani huingii bila mwongozaji, na kila tiketi ina saa yake. Ukichelewa, imekula kwako. Nunua mapema mtandaoni, na ukumbuke kupanda kile kilima kwa miguu ni dakika 30 hadi 40. Ila ukitumia tiketi ya treni ya siku moja ya jimbo la Bavaria, siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi, kwa hiyo usichague zamu ya asubuhi.